Kaye ya mtoto: Neno linakatwa wapi?



Siku ya posho iliyopita, kisha kumaliza likelemba, mama mmoja alibaki nyuma. Wengine walikuwa wamekwisha kwenda, yeye bado ameketi kwenye benchi, kapu mbele ya miguu yake. Nilifikiri ana neno la deni. Kumbe alitoa ndani ya kapu kaye ya mtoto, jalada limeingia mafuta ya makayabu, akanipa kwa mikono miwili na kusema: "Mama mwalimu, angalia hii, kisha uniambie ukweli. Kama kichwa cha mtoto huyu hakiwezi, sema tu. Beseni nimekwisha kununua."

Beseni la nyanya, la kutembeza sokoni. Binti ana miaka 13, yuko kalasi ya sita. Walikimbia kutoka upande wa Djugu, akapoteza mwaka mzima wa masomo njiani na kwa jamaa, akaanza tena hapa mjini. Mwisho wa mwaka huu ana mtihani wa taifa, ule tuliozoea kuita TENAFEP na ambao leo wanauita ENAFEP. Ndiyo, tangu mwaka wa masomo 2019-2020 shule ya msingi ya serikali ni bure. Lakini kaye si bure, viatu si bure, na saa ambazo mtoto wa miaka 13 angekaa sokoni zina hesabu yake. Kila mama anaijua hesabu hiyo. Sikumlaumu.

Nilivaa miwani yangu nikafungua kaye. Wino mwekundu tupu. Kwenye zoezi la kukata maneno kwa silabi, binti aliandika: cha-ntons, pre-ndre, mo-ntrez, pa-rlent. Sifuri. Kwenye dikte: les mamans vende, les enfants parle. Kwenye conjugaison, yaani kugeuza kitenzi kwa mimi, wewe, yeye, sisi, aliandika: je pese, nous pèsons, nous achètons, nous appellons. Chini, neno moja la mwalimu: mtoto hana bidii.

Mwalimu yule simlaumu sana pia, maana nilifundisha kalasi ya tano kwa miaka mingi na ninajua kaye sitini za kusahihisha usiku kwa taa ya simu ni kitu gani. Lakini hapo alikosea. Niliangalia makosa yale mara mbili, mara tatu, na nikaanza kucheka. Mama aliona vibaya, akadhani namcheka mtoto. Hapana. Nilicheka kwa sababu hakuna kosa hata moja lililoanguka pale bila sababu. Binti huyu alikuwa amefuata sheria kila mara. Shida ni kwamba alifuata sheria za Kiswahili.

Tuanze na zile silabi, kwa sababu ndizo zilimletea sifuri ya kwanza.

Silabi ni kipande cha neno kinachotoka kinywani kwa pigo moja la sauti. Piga makofi huku ukisema jina la mji wetu: Bu-ni-a, makofi matatu. I-tu-ri, matatu. Sasa sema "kupanda" polepole, kama unamwita mtu aliye mbali ng'ambo ya bonde. Utasema ku-pa-nda. Hakuna anayesema ku-pan-da. Kwa Kiswahili silabi inapenda kumalizika kwa vokali, a, e, i, o, u, na ile n inayokutana na d au t au g inashikana nayo na kwenda mbele: nyu-mba, ki-te-nge, mu-ndu. Mtoto wetu alizaliwa ndani ya sheria hiyo. Hakuna mtu aliyemfundisha. Masomo yake ya kwanza pia aliyafanya kwa Kiswahili, na ndivyo sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inavyotaka: miaka ya kwanza ya shule ya msingi mtoto afundishwe kwa lugha ya taifa au ya mahali pake. Basi anapoona chantons anakata cha-ntons. Sikio lake halikumdanganya. Limemwambia kile linachojua.

Lakini Kifaransa kinakata chan-tons. Kwa nini? Kwa sababu ile n ya Kifaransa hapo haisimami peke yake. Jaribu mwenyewe. Sema "panda" ya Kiswahili: ulimi unapanda na kugusa juu, nyuma ya meno, kutoa n. Sasa msikilize mtu anayesema Kifaransa vizuri akisema chante. Ulimi haugusi kitu. Ile n imemezwa ndani ya a, sauti inatoka kinywani na puani pamoja. Kwa hiyo a na n zimekuwa kitu kimoja, na huwezi kumchukua n na kumpeleka kwa jirani. Chan-tons, pren-dre, mon-trez, ven-dons.

Kwa par-lent hakuna n ya puani. Hapo sheria ni nyingine: Kifaransa hakiogopi kufunga silabi kwa konsonanti, na konsonanti mbili zikikutana katikati, kwa kawaida kila moja inakwenda upande wake. Par-ler, por-ter, res-ter. Zikiwa mbili zinazofanana, vilevile: ap-pe-lons, don-ner. Ila mara nyingi r na l zikija nyuma ya mwenzake zinamshikilia, hazikubali kuachwa: ta-bleau, ou-vrir, mon-trer. Na zile herufi mbili zinazotoa sauti moja, ch, gn, ph, hazikatwi kamwe: cher-cher, ga-gner. Ni hayo tu. Mtoto anaweza kuyashika jioni moja, kama mtu atamwambia kwanza kwamba kukata kwake kwa zamani hakukuwa ujinga.

Sasa ndiyo tunafika kwenye neno ambalo nataka kila mama alichukue nyumbani. Neno lina visu viwili vya kulikata. Kimoja ni kisu cha sauti, hicho cha makofi. Kingine ni kisu cha maana. Na visu hivyo havipiti mahali pamoja.

Chukua "tunapanda". Kwa kisu cha sauti ni tu-na-pa-nda. Lakini ukiuliza maana iko wapi, unakata vingine: tu ni sisi, na ni wakati wa sasa, pand ndiyo kazi yenyewe, na a ya mwisho inafunga. Tu-na-pand-a. Utajuaje kwamba moyo wa neno ni pand na si pa? Ligeuze uone kinachobaki: panda, pandia, pandwa, mpandaji. Kila kitu kinabadilika, pand haiondoki. Ile pa peke yake haina habari ya shamba, na nda vilevile.

Wewe unayesoma mstari huu umefanya kazi hiyo tangu ukiwa na miaka mitatu. Hakuna mama wa Bunia anayesikia "wameandika" akachanganya nani ameandika na lini. Wa, me, andik, a. Kinywa kinasema wa-me-a-ndi-ka, mapigo matano, na kichwa kinasikia vipande vinne. Ndiyo maana yule anayesema "mimi sikusoma, sarufi siijui" hunifanya nitabasamu. Sarufi unayo. Hujawahi tu kuiona imeandikwa.

Kwa Kifaransa, chantons kwa kisu cha sauti ni chan-tons. Kwa kisu cha maana ni chant-ons. Chant ni moyo, na ipo pia peke yake kama neno, maana yake wimbo. Ons ni mkia unaosema "sisi". Hapo ndipo mtoto anapochanganyikiwa, maana mwalimu saa mbili anamwambia kata baada ya n, na saa nne anamwambia kata baada ya t. Neno lilelile, ubao uleule! Akiuliza kwa nini, mara nyingi anaambiwa akae kimya. Aambiwe kwamba asubuhi ile walikuwa wanakata na visu viwili tofauti, atatulia.

Kuna tofauti nyingine ya kuona. Kiswahili kinamweka mtu mbele: ni, u, a, tu, m, wa. Ukisikia tu, umekwisha kujua ni sisi, huhitaji kitu kingine nyuma. Kifaransa kinamweka mtu mbele kama neno la peke yake, je, tu, il, nous, vous, ils, kisha kinamtaja tena mkiani. Nous chantons: sisi tumetajwa mara mbili. Mtoto anayeandika nous chante amefanya hesabu ya Kiswahili. Anaona nous imekwisha kusema kila kitu, kurudia ni kwa nini?

Mikia yenyewe ina ujanja. Je chante, tu chantes, il chante, ils chantent. Kwenye karatasi tatu zimeandikwa tofauti. Kinywani zote nne ni sauti moja: chant. Ile e, ile es, ile ent, zote zimelala. Katika watu sita wa kitenzi hiki sikio linasikia sura tatu tu: chante, chantons, chantez. Sisi tumezoea lugha ambayo kila herufi iliyoandikwa inasomwa. Ndiyo sababu mtoto akisoma kwa sauti ils parlent anasema "parlenti", na kwenye dikte anafanya kinyume chake, anaandika alichosikia tu: les enfants parle. Ni mtoto yuleyule, ni sheria ileile ya Kiswahili. Soma kilichoandikwa, andika kilichosikika. Kwa Kiswahili ungempa kumi juu ya kumi.

Basi kwenye dikte sikio halitoshi, lazima mtoto aulize: nani anafanya? Les mamans ni wengi, kwa hiyo mkia ni ent, hata kama hausikiki. Na mara nyingine mkia uliolala unaamsha jirani yake. Il vend, anauza: d imelala. Ils vendent, wanauza: ent imelala lakini d imeamka, unaisikia. Il part, ils partent: sasa t inasikika. Huo ni msaada mkubwa. Mtoto akisikia d mwishoni mwa vend, ajue ni wengi.

Wala asifikiri kwamba ent inalala kila mahali. Inalala ikiwa mkia wa kitenzi. Il est content, amefurahi, ent inasikika puani. Ils content une histoire, wanasimulia hadithi, ent imelala. Herufi zilezile kabisa. Kinachoamua ni kisu cha maana.

Nilipofika hapo mama aliniuliza, kwa haki: "Na hii ya nous achètons? Hapa alama imewekwa, mwalimu akaipiga. Hapa alama haikuwekwa, akapiga pia. Anataka nini?"

Hapo lazima tuzungumze juu ya uzito wa sauti. Katika kila neno kuna silabi moja ambayo sauti inaikalia kwa nguvu kuliko nyingine. Kwa Kiswahili inakalia silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila mara. PIka. Ukiongeza kitu mwishoni, uzito unahama: piKIa. Ongeza tena: pikiAna. Sauti inatembea na mkia. Kwa Kifaransa uzito unakalia silabi ya mwisho inayosikika. Nasema inayosikika, maana zile zilizolala hazihesabiwi. Na kama maneno yanasemwa kwa mfululizo bila kupumua, uzito unakwenda kwenye silabi ya mwisho ya mfululizo wote, lakini hilo si la leo.

Sasa chukua vitenzi viwili vya soko letu, acheter, kununua, na peser, kupima kwa kilo. Nous pesons: mkia ons unasikika, kwa hiyo uzito unakalia ons. Ile e ya pes inabaki nyuma, dhaifu, kinywa karibu kinaimeza, "p'zons". Lakini je pèse: mkia umelala. Uzito hauna mahali pa kukaa mkiani, unarudi nyuma na kuikalia pes yenyewe. Na ile e dhaifu haiwezi kubeba mzigo huo. Lazima inyooke, ifunguke, iwe è. Ndiyo maana ya ile alama. Je pèse, tu pèses, il pèse, ils pèsent, lakini nous pesons, vous pesez. J'achète, lakini nous achetons. Je lève, nous levons. Wakati mwingine badala ya alama wanaongeza konsonanti ya pili, kazi ni ileile: j'appelle, nous appelons, je jette, nous jetons.

Na ukiisha kuona hivyo, angalia vile vitenzi ambavyo watoto wanaambiwa wavimeze tu kwa kichwa kama dawa chungu: je peux, nous pouvons, je veux, nous voulons, je viens, nous venons, je dois, nous devons, je bois, nous buvons. Mpaka uleule! Je, tu, il na ils upande mmoja, nous na vous upande mwingine. Vitenzi hivi vimetoka kwenye Kilatini, na huko uzito ulikuwa ukikalia moyo wa neno kwa mimi, wewe, yeye na wao, na ukikalia mkia kwa sisi na ninyi. Vokali iliyobebeshwa uzito iligeuka kwa karne nyingi, iliyoachwa bila uzito ikaenda njia yake. Leo tunaona alama ya miguu tu. Sisemi mtoto ajifunze Kilatini. Nasema mwenye kujua kwamba mpaka upo, na upo mahali pamoja karibu kila mara, ana kazi nusu ya yule anayekariri sura sita za kila kitenzi.

(Katika wakati ujao mambo yanabadilika kidogo: nous achèterons, na alama, hata kwa sisi. Msije mkanishitaki kwa walimu. Leo niko katika wakati wa sasa tu.)

Mama aliniangalia kama nimeleta uchawi wa Ulaya. Nikamwambia, hata kwetu uzito wa sauti unageuza kitenzi. Tunasema "anakula", "amekula", "atakula", lakini kwa Kiswahili cha kitabu tunasema "akila" na "tule". Ile ku imetoka wapi, na imekwenda wapi? La ni kifupi mno, silabi moja. Uzito unataka silabi ya pili kutoka mwisho, na vipande kama na, me, ta havikubali kubeba. Basi ku inabaki ili ibebe: anaKUla. Katika "akila", ki inakubali kubeba, ku haina kazi, inaondoka. Na sisi wa hapa tumezoea kuiacha ku mahali pote, tunasema "akikula", "tukule", "akikuja". Walimu wa Kiswahili wanakunja uso. Lakini angalieni tulichofanya: tulichoka na neno lenye sura mbili, tukalipa sura moja. Shikeni hilo, nitalirudia chini.

Juu ya wakati ujao, neno moja tu, maana wengi mmeniuliza kwa nini je chanterai inaandikwa ai. Ile mikia, ai, as, a, ons, ez, ont, ni kitenzi avoir, kuwa na, kilichoshikamana nyuma ya chanter: chanter-ai, "nina kuimba". Na ta yetu ya "tutaimba", wenye kuchunguza lugha wanasema imetoka katika "taka". Wao walikuwa na kuimba, sisi tulitaka kuimba, wote tumefika kesho.

Sasa kazi ya nyumbani. Mama ambaye hajui Kifaransa hata neno moja anaweza kuifanya, na yule wa kapu alianza jioni ileile kando ya makala, sombe ikichemka.

Chukua konzi ya maharagi. Mtoto aseme kitenzi cha Kiswahili, chochote, "tutawapikia" kwa mfano. Kwanza mpige makofi: tu-ta-wa-pi-ki-a. Kisha mtoto apange maharagi chini, moja kwa kila kipande chenye maana, na akwambie kila haragi ni nini. Hili ni sisi, hili ni kesho, hili ni wao, hili ni kazi ya kupika, hili linasema ni kwa ajili yao, hili linafunga. Hapo wewe ndiwe mwalimu, maana akikosea utasikia. Kisha atoe kitenzi kimoja kutoka kaye yake ya Kifaransa na afanye vilevile: makofi, kisha maharagi. Wewe humsahihishi Kifaransa. Unamuuliza maswali matatu tu: nani anafanya? mkia uko wapi? mkia unasikika au umelala? Kama mkia unasikika, moyo wa neno ubaki mwepesi. Kama umelala, mwambie aangalie vizuri moyo wa neno, huenda unahitaji alama. Vitenzi viwili kwa jioni vinatosha. Vitano vinaleta usingizi na vita.

Na msipige kichwa cha mtoto na kaye. Nawajua. Mimi mwenyewe nilifanya.

Jambo moja dogo kwa wale wanaoandika barua na ripoti za vikundi vyetu kwa Kifaransa: neno likifika mwisho wa mstari na nafasi haitoshi, linakatwa kwa kisu cha sauti. Kisu cha maana hapo hakina kazi. Ven-dons, si vend-ons. Wala usiache vokali moja peke yake mwishoni mwa mstari, kama a- halafu cheter chini. Nimeiona katika ripoti ya juzi. Sitataja kikundi.

Siku ya pili jioni binti alikuja kwangu mwenyewe, bila mama. Alikuwa na dikte mpya, nne juu ya kumi. Si ajabu, lakini ilikuwa sifuri. Ent zote za vitenzi zilikuwa mahali pake. Makosa yaliyobaki yalikuwa ya majina, na hayo ni habari nyingine. Alisimama mlangoni akaniuliza swali ambalo katika miaka yangu yote ya kufundisha hakuna mtoto aliyeniuliza: "Kama ni hivyo, kwa nini j'aime na nous aimons ni sawasawa? Mpaka wake uko wapi?"

Nikamwambia akae. Mpaka ulikuwepo. Zaidi ya miaka 800 iliyopita, huko Ufaransa, kwa mimi moyo wa neno ulikuwa aim, lakini kwa sisi walisema nous amons. Kisha watu wakachoka na sura mbili, wakachukua ile ya mimi wakaipeleka kwa sisi, ikawa aimons mpaka leo.

Alifikiri kidogo. Akafungua kaye, akaniwekea kidole juu ya nous achètons, pale penye wino mwekundu.

"Basi nao walifanya kama mimi," akasema.

Nilimwambia ndiyo, ni kosa lilelile, ila wao walikuwa wengi. Alicheka mpaka akafunika uso na kaye.

Beseni bado jipya, nimeliona jana nilipopita kwao, limeegemezwa nyuma ya mlango na karatasi ya dukani ingali juu yake. Mama amesema litangoja buletini.